Kompyuta ya zamani, diski mpya: kadi ndogo inayoweza kuokoa sauti za miaka

Diski ngumu inayokaribia kufa inatoa habari mapema. Inaanza kupiga «tak, tak, tak» sawa saa ya ukutani. Kisha faili moja inakataa kufunguka, kesho yake ni tatu. Kwa mwenye sekretaria huko Wamaza, ao kwa fundi wa sauti wa redio ya mtaani, mlio ule ni mbaya kuliko wa grupe inayoishiwa na mafuta, juu grupe unaiongeza mafuta na inawaka tena. Ndani ya diski njo mna barua za miaka kumi, matokeo ya wanafunzi, matangazo ya vifo, na sauti za wazee walioeleza historia ya vijiji vyao na ambao leo hawako tena.

Kwa kawaida dawa ni nyepesi: kununua diski ingine, kunakili, kuendelea na kazi. Shida inakuja kwa kompyuta ya mezani ya zamani, ile Pentium III ao Pentium 4 iliyotoka Ulaya ao Dubai ikiwa imekwisha kutumika. Fundi anapokea diski mpya iliyosafiri toka Bukavu ao Kalemie, mwisho wake juu ya pikipiki, anafungua sanduku la kompyuta, na hapo anaona kichwa cha waya hakiingii.

Sababu ni ya kizazi. Diski za zamani ni za aina inayoitwa IDE: mkanda mpana wa waya, na kichwa chenye safu mbili za matundu, jumla 40. Tangu 2003 diski za aina mpya, SATA, zilianza kuuzwa. Waya wake ni mwembamba, una miguso 7 tu ya kupitisha habari, na kichwa cha umeme chenye miguso 15. Leo viwanda vimeacha kutengeneza diski za IDE zaidi ya miaka kumi. Ile inayouzwa sokoni kwa jina la «mpya» mara nyingi ni ya zamani iliyopanguswa vumbi, na hakuna anayejua imekwisha zunguka saa ngapi.

Wengine wanakimbilia diski ya nje, ya kuchomeka kwa USB. Ni wazo zuri kwa kompyuta ya leo. Lakini kompyuta nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 ziko na USB ya kwanza, inayopitisha karibu megabaiti 1 tu kwa sekunde. Diski ya giga 40 iliyojaa ingehitaji saa 11 kumaliza kunakili. Wamaza, mahali umeme ni pano ya jua ao grupe, saa 11 si namba ya karatasi. Ni lita za mafuta, na ni diski mgonjwa inayozungushwa usiku kucha.

Iko pia adapta ndogo, kipande kinachogeuza kichwa cha IDE kuwa cha SATA. Ni ya bei ndogo na inafanya kazi, lakini ina mtego ambao umekwisha kuharibia watu wengi faili zao. Kompyuta za kabla ya 2002 hivi, kwa kawaida, zinahesabu vyumba vya diski kwa namba isiyopita giga 137. Diski ya giga 160 ao 500 ikiwekwa pale, kompyuta inaweza kuiona kama ya giga 137 tu, na hapo hakuna hatari kubwa. Ubaya ni pale Windows inapoamini diski nzima ni yake, na njia ya chini haiwezi kuhesabu mpaka kule. Namba zikimalizika zinarudi kwa sifuri, sawa kontere ya pikipiki ikifika 99999. Faili mpya inaandikwa juu ya zile za mwanzo kabisa wa diski, na mwanzo ule njo wenye orodha ya mahali kila faili iko. Windows XP ya kwanza kabisa ilikuwa na ubaya huo; masahihisho yake ya 2002, yanayoitwa Service Pack 1, njo yalileta hesabu ndefu.

Hapo sasa njo kadi inaingia. Ni kipande cha ubao chenye ukubwa wa kiganja, kinachochomekwa ndani ya tundu refu la ubao mkubwa, ule mafundi wanaita karti-meri. Upande mmoja kadi inaongea na kompyuta ya zamani kwa lugha yake. Upande mwingine inaongea na diski mpya kwa SATA. Inabeba pia biosi yake yenyewe. Kompyuta ikiwashwa, biosi ya ubao mkubwa inapita tundu kwa tundu na kuuliza kama kuna kadi yenye programu yake. Kadi inajibu, inaandika mistari michache kwenye kioo, inataja jina la diski iliyoiona, na toka hapo hesabu ya diski ile iko mikononi mwake. Ule mpaka wa giga 137 wa ubao wa zamani haumhusu.

Ufundi huu si mpya. Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 haikuwa na diski ngumu hata moja. Mwaka 1983 ndugu yake, XT, ilifika na diski ya megabaiti 10, inayoongozwa na kadi ndani ya tundu. Wenye kompyuta ya 1981 waliotaka kuongeza kadi ya namna ile walikuta biosi yao haijui kutafuta programu ndani ya kadi. Iliwabidi kwanza wabadilishe kidude cha biosi kwa kile cha Oktoba 1982. Na megabaiti 10 ni nini? Kwa sauti ya ubora wa sidii, haifiki hata dakika moja. Kwa MP3 ya kawaida ni dakika kumi hivi, yaani habari za asubuhi bila matangazo. Watu walilipa pesa nyingi kwa ajili ya hizo dakika kumi.

Anayeagiza kadi toka mbali anapaswa kuwa na uhakika wa tundu, juu kosa hapa linalipiwa kwa safari ya pili. Tundu la PCI, ambalo kompyuta za wakati ule ziko nalo, kwa kawaida ni jeupe na lina urefu wa sentimita 8 na nusu. Kadi nyingi zinazouzwa leo ni za PCI Express, na tundu lake dogo lina sentimita 2 na nusu tu. Majina yanafanana lakini moja haiingii kwa ingine, hata ukisukuma. Tundu la rangi ya kahawia lililo peke yake ni la kadi ya picha, liachwe. Njia ya salama ni kupiga picha ya ndani ya kompyuta na kuituma kwa muuzaji kabla ya pesa kuondoka. Juu ya kidude cheusi cha kadi mna maandishi: SiI3112 ina milango miwili ya SATA, SiI3114 minne, na VT6421A ina miwili pamoja na mmoja wa IDE, kitu kinachofaa sana kwa anayetaka kuunganisha diski ya zamani na mpya kwa wakati mmoja. Ndugu yake wa kwanza, VT6421 isiyo na A mwisho, ina tabia ya kutoiona diski ya kasi ya juu zaidi. Diski nyingi zina pini ndogo nyuma, na kipande cha plastiki kikiwekwa juu yake diski inapunguza kasi na kuonekana.

Siku ya kazi, kompyuta inachomolewa kabisa, si kuzimwa tu. Fundi anagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini uondoke. Tundu linapulizwa, vumbi la barabara ya Kasongo wakati wa kiangazi linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa vizuri. Kama miguso ya kadi imefifia, inasuguliwa polepole kwa gome ya kufutia ya wanafunzi. Kadi inasukumwa moja kwa moja mpaka ikae, kisha inafungwa kwa skrubu.

Mpangilio una maana sana. Kadi iwekwe kwanza ikiwa peke yake, na kompyuta iwashwe kwa diski yake ya zamani. Windows XP itaomba programu ya kuongoza kadi, ile ya sidii iliyokuja nayo; Linux kwa kadi hizi inayo tayari ndani yake. Kisha kompyuta inazimwa, diski mpya inaunganishwa, na kunakili kunaanza. Anayehamisha Windows nzima kwenda diski mpya kabla ya kuweka programu ile atakutana na kioo cha bluu, na atadhani diski imeharibika kumbe ni nzima.

Kama diski ya zamani inapiga kelele, usianze na Windows. Anza na kile ambacho hakipatikani mahali pengine: sauti, barua, orodha. Kwa njia ya kadi, giga 40 za faili kubwa za sauti zinaweza kupita ndani ya nusu saa kama diski bado ina nguvu. Kama imechoka inaweza kuchukua muda zaidi.

Umeme nao uangaliwe. Diski kubwa ya mezani inakula wati 6 mpaka 10, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya 20 kwa sekunde chache, wakati ambao batri ndogo ya pano inaweza kuangusha kila kitu. Diski ya kompyuta ya kubeba, ile ndogo, inatosheka na wati 2 ao 3, na ile isiyozunguka ina faida ya kutoogopa mitikisiko ya njiani. Waya wa kugeuza kichwa cha umeme cha zamani kuwa cha SATA nao uchaguliwe kwa jicho: ule ambao plastiki yake imemwagwa juu ya nyaya kama kipande kimoja umekwisha kuungua katika kompyuta nyingi. Ule ambao kila waya unaonekana ukiingia peke yake ni bora, hata kama bei iko juu kidogo.

Diski ya zamani haitupwi siku ile ile. Inaandikwa tarehe, inafungwa ndani ya plastiki kavu na kuwekwa mbali na unyevu, mpaka kila faili iwe imefunguliwa kwenye diski mpya na kusikilizwa toka mwanzo mpaka mwisho. Wakati huo nakala ingine inapelekwa nyumba ya pili, juu kadi hailindi kitu siku maji ya mvua yakipita kwa paa.