MSAFARA WA JOTO KATIKA NYUMBA

Mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai usiku huwa na baridi, na alfajiri watu wengi huota moto. Ukiota moto wa kuni utagundua jambo moja. Uso na magoti hupata joto, lakini mgongo hubaki na baridi. Tena, ukiinua mkono juu ndani ya jiko lenye moto, utahisi kuwa hewa iliyo karibu na paa ina joto kuliko hewa iliyo karibu na sakafu.

Kwa nini joto haligawanyiki sawasawa? Je, tunaweza kulipeleka mahali tunapolitaka? Katika somo hili tutajifunza jinsi joto linavyosafiri ndani ya nyumba, jinsi watu wanavyolieneza, na jambo ambalo ni lazima lifanywe kwanza ili joto hilo lisituletee madhara.

Njia tatu za joto

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya biashara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Njia nyingine ilielekea kaskazini, hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba kutoka pwani, nao walirudi na pembe za ndovu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliosifika kwa nguvu na uvumilivu. Katika njia hiyohiyo walipitishwa pia watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Kundi la watu waliosafiri pamoja na mizigo yao liliitwa msafara. Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na kazi ya wapagazi katika njia hiyo ikapungua sana.

Sasa fikiri kuwa kambini kuna mzigo unaotakiwa kupelekwa upande wa pili. Watu wanaweza kujipanga mstari, kila mmoja akampa mwenzake mzigo bila kuondoka mahali pake. Joto hupita hivyo katika vitu vigumu. Ukiweka ncha moja ya upawa wa chuma motoni, baada ya muda ncha ya pili nayo hupata moto, ingawa chuma chenyewe hakikusogea. Njia hii huitwa mpitisho. Joto hupita upesi katika chuma, lakini hupita polepole katika udongo na mti.

Kwa sababu hiyo nyumba za tembe zilijengwa kwa kuta nene za udongo. Tembe moja maarufu liko Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Hapo ndipo David Livingstone alipokaa mwaka 1872, akisubiri wapagazi waliotumwa na Henry Morton Stanley kutoka pwani. Siku hizi mahali hapo ni makumbusho. Kuta nene za udongo hupokea joto la jua polepole mchana, na hulitoa polepole usiku.

Njia ya pili ni mpagazi kuubeba mzigo na kwenda nao mwenyewe. Hewa na maji hubeba joto kwa namna hiyo. Hewa iliyopata moto huondoka mahali pake pamoja na joto lake. Njia hii huitwa msafara.

Njia ya tatu haihitaji mpagazi. Moto wa kambi huonekana kwa mbali, na mwanga wake hufika bila kubebwa na mtu. Joto la jua hutufikia hivyo, na joto la moto hufika usoni mwako hivyo. Njia hii huitwa mnunurisho. Mgongo wako hubaki na baridi kwa sababu joto la mnunurisho husafiri kwa mstari ulionyooka, wala halizunguki mwili.

Kwa nini hewa ya moto hupanda?

Hewa ikipata joto hutanuka. Ikitanuka, ndoo moja ya hewa ya moto huwa nyepesi kuliko ndoo moja ya hewa ya baridi. Hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kuisukuma hewa ya moto juu. Hewa iliyopanda hupoa inapogusa paa na kuta, kisha huteremka tena. Hivyo hewa ya chumba huzunguka bila kukoma maadamu moto unawaka.

*Jaribio la kwanza.* Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu. Kata karatasi ya duara kwa kuizungusha kama konokono, kuanzia ukingoni hadi katikati. Ifunge uzi katikati na uininginize juu ya mshumaa unaowaka, umbali wa kutosha ili isishike moto. Karatasi itaanza kuzunguka. Hakuna aliyeipuliza. Kinachoizungusha ni hewa ya moto inayopanda.

*Jaribio la pili.* Mwombe mtu mzima asimame nawe mlangoni mwa jiko ambamo moto unawaka. Washa kijiti cha udi na ukishike karibu na sehemu ya juu ya mlango. Tazama moshi wake unaelekea wapi. Kisha kishike karibu na sakafu. Kwa kawaida, juu ya mlango moshi hutoka nje, na chini huingia ndani. Umeona msafara kwa macho yako: hewa ya moto hutoka kwa juu, na hewa ya baridi huingia kwa chini.

Mpagazi hachagui mzigo

Hewa hubeba joto, lakini haibebi joto peke yake. Hewa hiyohiyo hubeba moshi, masizi na hewa zenye sumu zitokazo motoni. Mahali ambapo joto hufika kwa msafara, moshi nao waweza kufika. Kwa hiyo anayetaka kueneza joto ndani ya nyumba hana budi kwanza kuutenga moshi na joto.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa. Waumiao zaidi ni akina mama na watoto wadogo, maana ndio wanaokaa jikoni kwa muda mrefu.

Bani la tumbaku: joto bila moshi

Wakulima wa Mkoa wa Tabora wanajua namna ya kutenga joto na moshi. Katika wilaya kama Urambo, Kaliua na Sikonge hulimwa tumbaku ambayo majani yake hukaushwa katika nyumba maalumu iitwayo bani. Jani la tumbaku hiyo halipaswi kuguswa na moshi, kwani likinuka moshi huharibika.

Bani hujengwa hivi. Tanuri la kuni liko chini ukutani, na mlango wake hufunguliwa kutoka nje. Kutoka tanurini, bomba pana la bati hupita ndani ya bani karibu na sakafu, likazunguka, kisha likatoka nje na kuishia katika dohani, yaani bomba refu la kutolea moshi. Moshi husafiri ndani ya bomba tu. Bomba likipata moto, huipa joto hewa inayoligusa. Hewa hiyo hupanda katikati ya majani yaliyotundikwa kwenye fito. Chini ya kuta kuna matundu ya kuingizia hewa, na juu kuna matundu ya kuitoa pamoja na unyevu wa majani.

Mkulima huanza na joto la kiasi cha nyuzi 35 za Sentigredi, na hulipandisha polepole hadi kiasi cha nyuzi 70. Kazi yote huchukua karibu wiki moja, usiku na mchana. Kuni nyingi hutumika, na nyingi hutoka katika misitu ya miyombo. Bani lenye nyufa hupoteza joto na kula kuni zaidi. Kwa hiyo kuziba nyufa, kutumia tanuri bora na kupanda miti ni wajibu wa kila mkulima wa tumbaku. Kumbuka pia kuwa kuvuta tumbaku hudhuru mapafu na moyo. Somo tunalolichukua hapa ni la joto, wala si la sigara.

Kazi ya feni

Msafara wa asili huenda polepole, na mara nyingi joto huishia chini ya paa. Hapo ndipo feni inapofaa. Feni haitengenezi joto wala baridi. Kazi yake ni kuisukuma hewa. Katika nchi nyingine mabani mengi ya tumbaku yana feni za umeme zinazosukuma hewa ya moto ili ifike kwenye majani yote sawasawa.

Katika nchi zenye baridi kali, kama Kanada na Norwe, nyumba nyingi zina jiko la chuma la kuni lenye mlango na dohani. Chumba chenye jiko huwa na joto kali, na vyumba vingine hubaki na baridi. Mtu aweza kudhani kuwa feni iwekwe karibu na jiko, ipulize joto kuelekea chumba cha baridi. Lakini kumbuka jaribio la mlangoni. Feni ndogo ikiwekwa sakafuni katika chumba cha baridi, ikaelekezwa kwenye chumba chenye jiko, husukuma hewa nzito ya baridi kwenda kwenye moto. Hewa ya moto hurudi yenyewe kwa sehemu ya juu ya mlango. Feni hapo haishindani na msafara, bali huusaidia. Vilevile feni ya dari, ambayo wengi huiita pangaboi, ikizungushwa polepole huteremsha joto lililokwama juu.

Feni hizo hufaa kwa sababu moshi umekwisha kutolewa nje na dohani. Ukiwasha feni katika chumba chenye mafiga matatu na moshi, utaeneza moshi katika nyumba nzima.

Hatari ya mkaa katika chumba kilichofungwa

Mkaa unaowaka hautoi moshi mwingi, kwa hiyo watu wengine hudhani kuwa ni salama. Sivyo. Mkaa hutoa hewa yenye sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Huizuia damu kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, huishiwa nguvu, na aweza kufa akiwa usingizini. Feni haiwezi kuiondoa sumu hii katika chumba kilichofungwa, bali huizungusha tu humo ndani.

Kamwe usilale katika chumba chenye jiko la mkaa, hata baridi ikiwa kali namna gani. Ukiwa na wenzako mkaona dalili hizo, tokeni nje upesi na mwite mtu mzima. Mgonjwa apelekwe mahali penye hewa safi, kisha hospitali.

Mambo ya kukumbuka

1. Joto husafiri kwa mpitisho, msafara na mnunurisho.
2. Hewa ya moto hupanda kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa ya baridi.
3. Hewa hubeba joto, na hubeba moshi na sumu pia.
4. Kwanza toa moshi, kisha eneza joto.

Maswali

1. Kwa nini mgongo hubaki na baridi unapoota moto?
2. Eleza kwa nini karatasi ilizunguka juu ya mshumaa.
3. Moshi wa tanuri la bani hupita wapi? Kwa nini haugusi majani?
4. Feni inafaa iwekwe wapi ili chumba cha baridi kipate joto la jiko lililo chumba cha pili? Toa sababu.
5. Chunguza jiko la nyumbani kwenu. Hewa huingilia wapi, na moshi hutokea wapi? Chora picha, na uonyeshe kwa mishale mwendo wa hewa.
6. Mtu mmoja anasema, "Mkaa wangu hauna moshi, kwa hiyo nitafunga madirisha nilale." Utamwambia nini?