Kompyuta Huwauliza Majirani

Msomaji wetu mmoja wa Matiliku, upande wa Nzaui katika Kaunti ya Makueni, ametuletea swali. Anataka kununua ploti karibu na soko, na broka amemhakikishia kwamba "ramani ya kompyuta" imeonyesha sehemu ile inafaa kujengwa mji. Anauliza: kompyuta imejuaje, na haijakanyaga Matiliku hata siku moja?

Sehemu kubwa ya jibu haina utamu. Wataalamu wa mipango huchukua ramani ya barabara, ya udongo, ya mito na ya mwinamo wa ardhi, wakazipandanisha kama karatasi zinazopitisha mwanga, kila moja ikapewa uzito wake. Mwishowe hupatikana ramani moja ya rangi: kijani panafaa, nyekundu usiguse. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 unaotegemea mfumo huo, yaani GIS. Hayo yatosha. Utamu uko kwenye ile ramani ya mwinamo, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Kwanza neno lenyewe. Wengi husema mteremko, nami nalikataa. Mama anayetoka mtoni na mtungi wa maji mgongoni huona mpando palepale ambapo kijana wa bodaboda anaona mteremko. Ardhi ni ileile, ila mmoja anapanda na mwingine anashuka. Kompyuta haitoki mtoni wala haiendi sokoni. Inataka kujua ardhi imeinama kiasi gani, basi. Nilifikiria pia gradienti, lakini neno hilo halimwonyeshi msomaji kitu chochote. Mwinamo, kutoka kuinama, linajieleza lenyewe. Nalishikilia.

Sasa, mwinamo hupatikanaje? Februari 2000, chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena za rada, moja ikiwa kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Kutokana na tofauti ya mwangwi uliozifikia antena hizo, wataalamu walikokotoa kimo cha sehemu kubwa ya nchi kavu. Tulichopata ni vigae, kila kimoja kama mita 30 kwa 30, na kila kigae kina namba moja tu: kimo chake kutoka usawa wa bahari. Mwinamo haumo. Ni lazima utafutwe.

Kila kigae kimezungukwa na wenzake wanane. Kanuni inayotumika sana, ambayo Berthold Horn aliieleza mwaka 1981, ikitaka kujua mwinamo wa kigae cha katikati haikitazami kigae hicho kabisa! Kimo chake hakiingii kwenye hesabu. Wanaoulizwa ni majirani.

Ni kama uchumba. Kijana akitaka kuoa, wazee wenye busara hawaanzii kwa baba wa msichana, maana baba atasifu tu. Huanzia kwa majirani. Na majirani hawalingani: aliyepakana na nyumba ile ua kwa ua husikilizwa mara mbili, anayeiona kwa pembeni husikilizwa mara moja. Wala wazee hawaridhiki na maneno ya upande mmoja. Huyaweka ya upande huu kando ya yale ya upande wa pili, na tofauti iliyopo ndiyo huwaambia familia ile imeegemea wapi. Vigae navyo ni hivyohivyo. Cha mashariki, cha magharibi, cha kaskazini na cha kusini huhesabiwa mara mbili. Vya pembe nne, mara moja.

Tuseme majirani watatu wa mashariki wana mita 1,206, 1,207 na 1,205, na wa magharibi 1,200, 1,201 na 1,199. Ukimhesabu wa kati mara mbili, mashariki inapata 4,825 na magharibi 4,801. Tofauti ni 24. Gawanya kwa 240, yaani upana wa kigae mara 8, upate 0.1. Ardhi inapanda mita 1 katika kila mita 10 ukielekea mashariki. Hesabu hurudiwa kaskazini na kusini, kisha majibu mawili huunganishwa kwa kanuni ya Pythagoras. Halafu kompyuta huhamia kigae kinachofuata, na yule aliyenyamazishwa sasa anaitwa kuwa shahidi wa jirani yake.

Wakulima wa Ukambani wanaijua kazi hii. Mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja, ukichimba matuta ya fanya juu, watu wawili hushika fimbo zenye alama, kamba ikanyooshwa kati yao na pimamaji ikaning'inia katikati. Mmoja huishusha kamba kwenye fimbo yake, taratibu, mpaka povu litulie katikati ya kioo. Alama zilizoshuka ndiyo tofauti ya kimo. Udongo ulio chini ya pimamaji hakuna anayeuuliza neno.

Mji unalihitaji jibu hilo. Penye mwinamo mkali pesa huishia kwenye misingi na kuta za kuzuia udongo. Penye utambarare uliozidi, maji hutuama. Lakini jibu lenyewe lina mipaka: kigae cha mita 30 hakioni korongo la mita 5, rada husoma vilele vya miti mahali pengine, na uzito wa kila ramani hupangwa na binadamu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nenda ofisi ya mipango ya kaunti uombe kuonyeshwa ramani ya mwinamo peke yake, kabla haijapandanishwa na nyingine. Kisha usilipe kitu mpaka Novemba. Mvua ya vuli ikishanyesha, nenda ukasimame kwenye ploti za majirani, pande zote nne, uangalie maji yanaelekea wapi.