Basi la Dizeli Linapokataa Kuwaka Baada ya Matengenezo



Kuna taarifa ya namna moja ambayo hutufikia mara kwa mara tukiwa zamuni. Basi limetoka gereji, limepakia abiria na kusafiri vyema hadi mpakani. Dereva amezima injini ili abiria washuke wakagongewe mihuri katika pasipoti. Wanaporudi vitini, injini inazunguka lakini haiwaki. Nyuma yake msururu wa malori unarefuka, giza linaingia, na kila mpita njia ana ushauri wake. Saa hiyo ya haraka ndiyo izaayo makosa ya hatari. Kwa hiyo tumeona vema kueleza nini hutokea katika injini hiyo, na hatua zipi zifuatwe kwa utaratibu.

Kabla ya kufungua boneti, lilindeni basi lenyewe. Vuteni breki ya kuegesha, wekeni kabari au mawe makubwa kwenye magurudumu, washeni taa za tahadhari na simamisheni pembetatu ya tahadhari mbali nyuma ya basi. Abiria wasikae barabarani wala nyuma ya gari. Katika mpaka wa Katuna na Gatuna jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa Uganda magari hupita kushoto na Rwanda hupita kulia. Dereva aliyevuka punde huenda bado hajazoea upande wake mpya.

Sasa tuitazame injini. Injini ya dizeli haitumii cheche. Hewa hukandamizwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto mkali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka kwa joto hilo. Hivyo injini huhitaji mambo 3: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate dizeli isiyochanganyika na hewa, na mgandamizo wake uwe kamili, dizeli ikiingia kwa wakati wake. Basi lililotoka kutengenezwa huwa limeguswa katika mojawapo ya hayo. Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa dereva ni hili: fundi alifungua nini? Anzeni hapo, kwa kuwa mara nyingi kosa hubaki mahali palipopita spana.

Ikiwa stata inazunguka kwa uvivu na taa zinafifia, angalieni umeme. Mabasi mengi makubwa hutumia volti 24, zitokazo katika betri 2 za volti 12. Kagueni vichwa vya betri na waya wa ardhi uliofungwa kwenye injini, ambao husahaulika kukazwa baada ya kazi. Ikiwa stata inagonga na injini haisogei kabisa, msiilazimishe. Huenda maji au dizeli imejaa ndani ya silinda, na nguvu zaidi yaweza kupinda vyuma vya ndani.

Ikiwa inazunguka vizuri, mtu mmoja atazame bomba la moshi. Pasipotoka moshi wowote, yaelekea dizeli haifiki kwenye silinda. Hakikisheni kwanza kwamba tangi lina mafuta na kwamba waya wa swichi inayofungua na kufunga njia ya dizeli umechomekwa. Kisha ifikirieni hewa. Dizeli haikandamiziki kwa urahisi, lakini hewa hukandamizika. Pampu ikipata mapovu huyabana tu, na nozeli haifunguki. Hewa hiyo huingia chujio linapobadilishwa, au raba yake inapokaa vibaya, au mpira wa dizeli usipokazwa. Hapa ndipo penye siri ya basi letu la mpakani: injini ikiwa inafanya kazi huvuta dizeli vya kutosha, lakini ikizimwa, dizeli hurudi polepole tangini na hewa hushika nafasi yake.

Kuitoa si kazi ngumu. Legezeni skurubu ya kutolea hewa juu ya chujio, mkiweka chombo chini yake, kisha pampuni kwa pampu ya mkono. Dizeli itatoka na mapovu. Endeleeni mpaka itoke safi bila mapovu, kisha kazeni. Jaribuni stata kwa sekunde zisizozidi 15, na mpumzike dakika 2 kabla ya kurudia, ili stata isiungue. Ikikubali kuwaka, tafuteni mahali panapovuja kabla ya kuendelea na safari, la sivyo itakataa tena mbele.

Katika injini za kisasa zinazoongozwa kwa kompyuta, msiguse kamwe mabomba ya chuma yaendayo kwenye nozeli. Injini ikifanya kazi, mgandamizo humo waweza kuzidi mara 100 ule wa upepo wa tairi la basi. Mchirizi wa dizeli hutoboa ngozi, na aliyepigwa nao apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama ncha ya sindano.

Ukitoka moshi mweupe na injini haiwaki, dizeli inafika lakini haiungui. Ikiwa fundi alifungua pampu au kichwa cha injini, huenda majira hayakupangwa sawa au mgandamizo umepungua. Hilo halitengenezwi kando ya barabara. Mwiteni fundi.

Tunasihi mambo 3 yasifanyike. Msimwage petroli katika njia ya hewa ya injini, kwa maana hulipuka na kumuunguza aliye karibu. Msitumie mshumaa wala kiberiti kutafuta panapovuja. Wala msikusanye vijana kulisukuma basi gizani au mteremkoni, kwa kuwa injini ikiwa imezimika, breki na usukani huweza kuwa dhaifu.

Kazi ikizidi uwezo wenu, toeni taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, au pigeni 999 au 112 mkiwa Uganda, na 112 mkiwa Rwanda. Kuomba msaada hakumtii mtu hatiani. Twaweza kuongoza magari na kuwalinda abiria wakati fundi akisubiriwa.

Kwa wenye mabasi, tuna ombi moja. Baada ya kila matengenezo ya njia ya dizeli, endesheni basi likiwa tupu, lizimeni, lisubiri nusu saa au zaidi, kisha liwasheni tena. Likikataa, litakataa gerejini palipo na fundi na spana, na hakuna mama aliyebeba mtoto atakayelala barabarani kwa sababu ya raba moja ya chujio.