Gari Limegoma Kuwaka: Sikiliza Kabla ya Kununua

Gari likigoma kuwaka asubuhi, betri ndiyo huhukumiwa kwanza. Mwenye gari ananunua mpya, wiki haijaisha tatizo limerudi, na lawama zinahamia kwenye stata. Fedha za watu wengi hupotea hivyo, na inauma, kwa sababu gari lenyewe husema linachougua likipata wa kulisikiliza.

Swali la kwanza ni hili: ukigeuza funguo, injini inazunguka au haizunguki? Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, betri na stata ziache. Tafuta mafuta, moto wa plagi au hewa. Isipozunguka kabisa, hata tangi likiwa kavu, mafuta siyo kisa.

Isiyozunguka ndiyo huwachanganya wengi. Unageuza funguo, unasikia "ka" moja, au "ka-ka-ka" ya harakaharaka, na taa za dashibodi zinawaka. Basi mtu husema betri ni nzima. Hapo ndipo penye mtego. Balbu moja ya taa kubwa hula kama ampea 5 tu, ilhali stata ya gari dogo huvuta zaidi ya 100. Betri iliyochoka huweza kuwasha taa na ikashindwa kabisa kuzungusha injini.

Kwa hiyo washa taa kubwa, kisha piga stata ukiziangalia. Zikififia hadi karibu kuzimika, umeme hautoshi: betri imeisha, au vibano vya nyaya zake vimelegea au vimeota kutu. Zisipotikisika na injini iko kimya, huenda umeme haufiki kwenye stata. Kagua fyuzi na rilei. Kama gari ni la otomatiki, kanyaga breki, weka gia N, ujaribu tena. Swichi ya gia ikichoka, gari hukataa kwenye P na kukubali kwenye N.

Vibano vyenyewe vinastahili dakika zako tano. Fungua boneti, shika kila kimoja ukizungushe kwa mkono. Kikicheza, au ukikuta unga mweupe au wa kijani, pengine umeshapata ugonjwa bila kununua chochote. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha chanya. Sugua mpaka risasi ing'ae. Ukirudisha, chanya itangulie.

Multimita ya bei ndogo humaliza ubishi. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0 imekaribia kwisha. Gari likishawaka, isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipofika hapo, huenda oltaneta haichaji ipasavyo, na betri mpya utakayoweka itaisha kama ya zamani.

Ukibusti kwa gari la jirani, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa hewa ya haidrojeni na cheche ndogo tu huweza kuilipua.

Sasa ile inayozunguka bila kushika. Weka funguo kwenye ON bila kupiga stata, usikilize upande wa tangi. Magari mengi ya petroli hutoa mvumo wa sekunde mbili hivi wa pampu. Ukimya hukupeleka kwenye fyuzi na rilei ya pampu, kisha pampu yenyewe. Taa yenye alama ya funguo ikimetameta, huenda gari halijautambua ufunguo wako; jaribu ule wa akiba. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha kupiga stata, huenda mkanda wa taimingi umekatika.

Na gari lililozama kwenye mafuriko, kama yale ya Jangwani jijini Dar es Salaam, usilipige stata hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, huweza kupinda fimbo za pistoni. Liburuzwe hadi kwa fundi, plagi zifunguliwe, maji yatoke kwanza.

Ukifika kwa fundi, mweleze ulichosikia na ulichokiona, kisha mwombe apime mbele yako kabla hujatoa fedha ya kifaa chochote.