Mwanga, Hewa na Uhai wa Nusukipitishi

Mkazi wa Ndithini, eneo la Masinga katika Machakos, huiacha paneli yake ya sola juu ya paa, ikipigwa na jua kwa miaka mingi. Je, kila nusukipitishi, yaani mata ipitishayo umeme kwa kiasi, huweza kustahimili hali hiyo? La hasha!

Silikoni, iliyomo katika paneli nyingi, inapokutana na oksijeni hujivika utando mwembamba wa oksidi unaoikinga. Fosforasi nyeusi, aliyoitengeneza Percy Bridgman wa Marekani mwaka 1914, ni kinyume chake. Atomi zake zimepangwa katika matabaka yaliyoshikana kwa nguvu hafifu, mithili ya kurasa za kitabu. Tabaka jembamba linapoangazwa, elektroni zake husisimka na kuhamia kwenye oksijeni. Oksidi inayotokea hufyonza unyevu wa hewa, ikageuka asidi. Tabaka la chini nalo likabaki uchi, likaliwa vivyo hivyo. Ndiyo maana wataalamu huifunika kwa oksidi ya alumini au nitridi ya boroni.

Basi, ubora wa nusukipitishi haupimwi kwa upitishaji wa umeme pekee, bali pia kwa kile kinachozaliwa juu yake inapokutana na hewa.