Wakanda: hatima ya ufalme iko mikononi mwa watu wa mpakani

Filamu ya Black Panther, iliyotoka mwaka 2018 chini ya uongozi wa Ryan Coogler, hukumbukwa zaidi kwa mfalme T'Challa na mji wake wa fahari. Lakini Wakanda, nchi ya kubuni iliyozaliwa katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1966, inaanguka na kuinuka kwa mikono ya wakaaji wa mbali na mji huo.

Wa kwanza ni kabila la mpakani. Mgeni akiwaona, ni wachungaji tu waliojifunika mablanketi kama ya Wabasotho wa Lesotho. Kumbe ni walinzi. Kazi yao ni kuhakikisha dunia inaendelea kuamini kwamba Wakanda ni nchi maskini, isije ikagundua vibranium, madini yanayoipa nguvu zake zote.

Mwizi mmoja, Klaue, aliwahi kuingia akaiba madini hayo. Watu waliuawa, wakiwemo wazazi wa W'Kabi, kiongozi wa walinzi hao. Mfalme wa zamani hakumkamata. T'Challa naye aliahidi, akarudi mikono mitupu. Mpinzani wake, Killmonger, alipoileta maiti ya Klaue, W'Kabi alimfuata yeye. Mlango wa ufalme ulifunguliwa na mlinzi wake mwenyewe, aliyechoka kungoja haki.

Wa pili ni Wajabari, jina lisilohitaji tafsiri kwa msemaji wa Kiswahili. Wanaishi kwenye milima ya theluji, walikataa vibranium na utawala wa mfalme. Theluji hiyo si ndoto: Rwenzori, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, inafika mita 5,109, na baadhi ya picha za angani za filamu zilipigwa Uganda.

Kiongozi wao, M'Baku, anayeigizwa na Winston Duke, analalamika kwamba ikulu haijawahi kuwajali. Hata hivyo, wavuvi wake ndio wanaomwokoa T'Challa akiwa mahututi, na wapiganaji wake ndio wanaogeuza vita. Mwishoni anaketi katika baraza la ufalme.

Hapo ndipo hadithi hii inapomgusa mkaaji wa Kivu au Ituri, anayejua maana ya kuishi juu ya madini na mbali na mji mkuu. Wakanda ilikuwa na silaha za ajabu, lakini kilichoiangusha ni msiba wa familia moja ya mpakani ambao hakuna mfalme aliyeushughulikia.