Fahamu: Sihek, mdiria wa Guam aliyerudi porini

Mdiria tuliyemzoea huvua samaki. Sihek wa kisiwa cha Guam, katika Bahari ya Pasifiki, ni ndege wa msituni: chakula chake ni mijusi na wadudu. Dume ana kichwa na kifua cha rangi ya mdalasini, na mabawa ya buluu. Akitaka kiota hutafuta mti uliooza, kisha huurukia na kuugonga kwa mdomo, tena na tena, mpaka shimo litokee.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyoka wa kahawia apandaye miti aliingia Guam, inaaminika ndani ya shehena za kijeshi. Ndege wa huko hawakuwa wamezoea adui wa namna hiyo. Nyoka alipanda usiku akala mayai, makinda, hata wazazi wao. Kufikia 1988 sihek alikuwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni ndege 29 waliokamatwa mapema wakapelekwa kufugwa Marekani.

Septemba 2024, sihek tisa wachanga waliachiwa Palmyra, kisiwa kilicho kusini mwa Hawaii, kisicho na nyoka wala panya. Mwaka uliofuata wakataga mayai. Lakini kwa Wachamorro, wenyeji wa Guam waliompa jina hilo, furaha haijakamilika: nyumbani kwao nyoka yungalipo.